Maua ya Awasse Hayangoji Masika

Apitaye Awasse katika mwezi wa Oktoba, pale ambapo barabara itokayo Macomia huikuta ile iunganishayo Mueda na Mocímboa da Praia, haoni upesi sababu ya kusimama. Kiangazi kimeshika nchi tangu Mei. Majani yamepukutika, mchanga unachoma nyayo, na vichaka vina rangi ya mfupa. Wengi husema kwamba hiyo ni nchi iliyokufa. Safari ya siku moja, ikifanywa mwishoni mwa Novemba, yatosha kuikanusha kauli hiyo.

Yafaa kuondoka alfajiri na kuelekea mashariki, upande wa bahari. Ua la mbuyu hufunguka jua linapokuchwa, huzuriwa na popo usiku, na siku ya pili hunyauka na kuanguka. Hivyo atembeaye mapema huyakuta maua makubwa meupe, mengine yakining'inia matawini na mengine yamelala chini ya shina. Achelewaye huona takataka tu.

Penye kivuli cha kichaka hutokea ajabu nyingine. Ua jekundu, la duara, lililokusanya vijiua vingi juu ya kikonyo kimoja, huchomoza ardhini kabla majani yake hayajakunjuka. Siri yake ni tunguu lililofukiwa mchangani, ambalo limetunza chakula na maji tangu masika yaliyopita. Katika nchi kavu ya Namaqualand, huko Afrika Kusini, mvua kidogo huziamsha mbegu zilizolala, na uwanda wote ukatandazwa maua. Cabo Delgado si jangwa, lakini kiangazi chake ni kirefu, na mimea yake imejifunza hekima iyo hiyo ya kuweka akiba. Mvua za kwanza zikinyesha huanza pia kupanda ule mmea wenye maua ya manjano na mekundu kama ndimi za moto, ambao hushika vichaka kwa ncha za majani yake. Watoto na waonywe: tunguu lake lina sumu iwezayo kuua.

Ndege nao huitikia majira. Keremkerem wa Ulaya, waliozaliwa mbali kaskazini, hupita makundi kwa makundi wakiwinda nyuki angani. Katika matope ya Mocímboa da Praia, maji yakipwa, sululu huchokoa kwa midomo yao iliyopinda. Kando yao huweza kuonekana ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, ambaye hutaga yai lake ndani ya shimo la mchanga katika visiwa na fukwe za Uarabuni na Ghuba, kisha huja kwetu kukaa wakati usio wa kuzaa. Njia aifuatayo inafanana na ile ya majahazi ya kale.

Utajiri huu si maneno ya mapenzi tu. Wataalamu wa mimea walipoichunguza misitu mikavu ya pwani ya Cabo Delgado mwaka 2008 na 2009, waliorodhesha zaidi ya aina 700 za mimea, na zaidi ya 30 kati ya hizo zilidhaniwa kuwa hazijapata kuelezwa katika vitabu vya sayansi. Walionya pia kwamba sehemu kubwa ya misitu hiyo ilikwisha toweka.

Kisha ikaja vita. Mocímboa da Praia ilishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, ikatekwa Agosti 2020, na kukombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda, ambayo yalikuwa yamepigana Awasse kabla ya kuufikia mji. Mamia ya maelfu ya watu wa jimbo hili walihama. Wengi wamekwisha rejea, nao wanahitaji mashamba, nguzo za nyumba na mkaa. Hakuna awezaye kuwalaumu. Lakini anayeamini kwamba kichaka kikavu kimekufa hukichoma bila kufikiri, na tunguu lililongolewa halioti tena.

Hasara nyingine haionekani kwa macho. Majina ya mimea hii kwa Kimakonde na Kimwani, dawa zake na sumu zake, yamo vifuani mwa wazee, na mtoto aliyekulia kambini hakupata kutembea nao porini. Kwa hiyo safari tunayoipendekeza si ya anasa. Usalama bado si wa kutegemewa kila mahali. Hapana budi kuuliza kwanza wenyeji na wakuu wa mahali, na kutoacha njia zinazotumika. Lakini palipo salama, mzee na aongozane na watoto, ataje jina la kila ua, nao walitaje baada yake. Shamba jipya likifyekwa, na awepo mtu wa kusema kipi kiachwe.