Tone la oili chini ya difu laweza kumeza faida ya msimu

BABA yangu mdogo anamiliki Land Cruiser ya mtumba, ile ya bodi wazi nyuma, anayosombea kabichi, karoti na njegere kutoka Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, hadi Morogoro mjini. Hapo mzigo huhamishiwa kwenye lori la kwenda Dar es Salaam. Asubuhi moja aliniita nione mahali gari lilipolala. Chini ya difu ya nyuma palikuwa na doa la oili, ukubwa wa kisahani cha chai.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea uchumi," aliniambia. "Nisimamishe gari niende gereji, au niongeze oili tu niendelee na kazi?"

Nilipiga hesabu palepale. Difu ilikuwa inapoteza karibu nusu lita kwa wiki. Bei ya nusu lita ya oili ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na gharama ya kubadilisha sili, ukijumlisha na safari ya siku nzima ambayo ingepotea. Nikamjibu kwa kujiamini kuwa aongeze oili, matengenezo yasubiri msimu uishe.

Naandika makala haya kwa sababu jibu langu lilikuwa na kosa, na kosa hilohilo hufanywa na wakulima na wafanyabiashara wengi wanaotegemea magari ya aina hii.

Mzigo ulioozea njiani

Baada ya miezi mitatu ya kuongeza oili, baba mdogo alichoka, akaenda gereji ya jirani na kubadilishiwa sili. Wiki ya tatu difu ikavuja tena. Tukalaumu sili kuwa ni feki, tukarudi kwenye mtindo wetu wa kuongeza.

Ikafika masika. Bei ya kabichi ikapanda kwa sababu barabara zilikuwa mbaya na magari yanayofika milimani yalikuwa machache. Wiki hiyo dereva alipiga safari mbili za ziada, na katika haraka hizo hakuna aliyekumbuka kukagua oili. Siku moja kabla, gari lilikuwa limeanza kutoa mlio mwembamba kama mluzi kila lilipokwenda kasi. Kesho yake, likiwa limejaa kabichi, kikasikika kishindo kwenye mlima na magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka.

Gari lililala pale siku mbili kwenye tope. Sehemu ya mzigo iliharibika, iliyobaki iliuzwa kwa bei ya kutupa. Mnunuzi wa Dar es Salaam, ambaye alikuwa na wateja wake wanaomsubiri, alichukua mzigo kwa mtu mwingine na hakurudi kwetu msimu mzima. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Difu hufanya kazi gani?

Difu ni lile fungu la gia lililo ndani ya bonge la chuma kwenye ekseli. Nguvu ya injini hufika hapo kwa propela shafti, ikaingia kwenye gia ndogo iitwayo pinioni, nayo huzungusha gia kubwa iitwayo krauni. Kutoka hapo nguvu hugawanywa kwa magurudumu mawili, kwa namna inayoliwezesha gurudumu la nje kuzunguka haraka kuliko la ndani gari linapokata kona.

Meno ya krauni na pinioni hubanana na kuteleza kwa pamoja chini ya mgandamizo mkubwa. Bila oili ya kutosha, hupata joto, hulika na hatimaye hukatika. Kazi ya sili, ambayo ni pete ya mpira yenye springi ndogo ndani yake, ni kuzuia oili isitoke na maji na vumbi visiingie pale shafti inapopita.

Tambua kwanza panapovuja

Kabla ya kununua chochote, osha difu ikauke, kisha utandike boksi safi chini ya gari usiku mmoja. Oili ya difu ni nzito na ina harufu kali inayofanana na ya kiberiti. Mahali inapodondoka ndipo panapokueleza tatizo.

Ikiwa inatoka mbele ya difu, pale propela shafti inapoingia, tatizo ni sili ya pinioni. Propela inapozunguka huirusha oili chini ya bodi, hivyo utakuta mchirizi uliochanganyika na vumbi.

Ikiwa inatoka upande wa ndani wa gurudumu la nyuma, sili ya ekseli ndiyo iliyokufa. Hili ni la hatari zaidi, kwani kwenye magari mengi oili hiyo huingia kwenye dramu na kulowesha shuu za breki. Gari lenye breki zilizolowa oili lisipakie mtu wala mzigo, hasa kwenye miteremko kama ya Mgeta. Shuu zilizonyonya oili hubadilishwa, kuzifuta kwa petroli hakutoshi.

Ikiwa inatoka kwenye maungio ya difu au kwenye nati ya kumwagia oili, huenda ni gasketi au washa tu, na gharama yake ni ndogo.

Kwa magari yenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser nyingi za kazi na Land Rover za zamani, tazama pia lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu linapogeukia. Kwenye Land Cruiser hizo, ukiona grisi imekuwa nyepesi kama uji na inachuruzika, oili ya difu imeshapita sili ya ndani na kuchanganyika nayo.

Sili huuawa na nini?

Hapa ndipo sisi tulipokosea zaidi. Tulibadilisha sili bila kuuliza kwa nini ya kwanza ilivuja.

Gari lilipovutwa hadi mjini, lilipokelewa na fundi mmoja mzee. Kabla hajafungua nati yoyote, alipitisha mkono juu ya ekseli na kutoa kifuniko kidogo kilichokuwa kimeziba kwa tope lililokauka. "Ndugu yangu, difu yako ilikuwa haipumui," alimwambia baba mdogo.

Alitueleza kuwa difu inapofanya kazi hupata joto, na hewa iliyomo ndani hutanuka. Hewa hiyo hutakiwa kutokea kwenye kipumulio kilichoko juu ya ekseli. Kikiziba, hewa hutafuta njia nyingine na kuisukuma oili ipite kwenye sili, hata kama sili ni mpya na halisi. Kisha gari likiingia korongoni likiwa la moto, maji ya baridi huipoza ekseli ghafla, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili hizohizo. Tulipofungua nati ya chini tuliyaona wenyewe: oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Sili tuliyoilaumu haikuwa na kosa.

Vyanzo vingine ni hivi. Mpira wa sili hukauka na kupasuka kwa umri na joto. Beringi ya pinioni ikilegea, shafti huchezacheza na kuila sili, hivyo shika shafti inapoingia kwenye difu na kuitikisa juu na chini. Ikicheza, sili mpya haitadumu. Mdomo wa sili nao huweza kuchimba mfereji kwenye chuma inapozungukia. Aidha, wapo wanaojaza oili kupita kiasi wakidhani wanaisaidia difu, kumbe wanaongeza uvujaji.

Ukiwa gereji

Si lazima ushike spana mwenyewe, lakini mwenye gari anayejua utaratibu hadanganywi kirahisi. Kwanza, gari lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu yawekewe vizuizi na ekseli ikae juu ya stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Pili, nati ya kujazia oili ifunguliwe kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga oili halafu nati ya kujazia ikagoma, gari haliondoki hapo.

Tatu, kwa sili ya pinioni, fundi aweke alama kwenye flanji za propela na kwenye nati ya pinioni kabla ya kufungua. Nati hiyo ndiyo inayoamua beringi zibanwe kiasi gani. Difu nyingi zina bushi ndani ambalo hubonyea nati inapokazwa, na ikikazwa kupita kiasi beringi huungua baada ya muda mfupi. Fundi anayeikaza kwa kuning'inia kwenye bomba refu, bila alama wala kipimo, anakutafutia safari nyingine ya gereji.

Nne, linganisha sili mpya na ya zamani. Vipimo vya kipenyo cha ndani, cha nje na unene kwa kawaida huandikwa kwenye sili yenyewe. Upande wenye springi huelekea kwenye oili, mdomo wake hupakwa grisi au oili kidogo, na hugongwa taratibu kwa kuzunguka pande zote ili isiingie kombo.

Tano, tumia oili inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Kwa difu nyingi za aina hii ni oili ya gia yenye maandishi GL-5, mara nyingi 80W-90 au 85W-90. Difu zenye mfumo wa kuzuia gurudumu moja kuzunguka ovyo huweza kudai oili yake maalumu. Ijazwe hadi ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Oili chafu usiimwage kwenye mfereji wala mtoni. Mto Mgeta huingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayonywewa Dar es Salaam na walewale wanaokula kabichi zetu.

Ukikwama njiani ukaona oili imepungua, jaza oili ya gia na uende polepole. Ikikosekana kabisa, oili ya injini ni nafuu kuliko difu kavu, lakini ni ya kukufikisha gereji tu, bila mzigo, kisha imwagwe.

Hesabu niliyoikosea

Sasa turudi kwenye kalamu yangu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, msomaji aweke bei za kwake. Tuseme sili ni Sh25,000, lita 3 za oili kwa Sh12,000 kila moja ni Sh36,000, na ujira wa fundi Sh40,000. Jumla ni Sh101,000. Kuongeza nusu lita kila wiki ni Sh6,000.

Mimi nililinganisha Sh6,000 na Sh101,000, nikachagua ndogo. Lakini Sh6,000 ni ya wiki moja, na Sh101,000 ni ya kumaliza tatizo. Kufikia wiki ya 17 kuongeza oili kunakuwa kumekugharimu Sh102,000, na difu bado inavuja. Baada ya wiki 26 umetumia Sh156,000.

Hapo sijaweka hatari. Tuseme krauni, pinioni, beringi na ujira vimefika Sh1,200,000, na mzigo uliopotea Sh600,000. Ni Sh1,800,000, karibu mara 18 ya gharama ya kutengeneza mapema. Na mteja aliyehama hana bei dukani.

Jambo jingine nililolisahau ni wakati. Difu haifi gari likiwa limepumzika. Hufa likiwa na mzigo mzito, mlimani, kwenye tope, yaani siku ambazo bei ya mazao ni nzuri na gari linahitajika zaidi. Ndiyo maana siku moja ya gereji mwezi wa Februari ni rahisi kuliko siku mbili za kukwama mwezi wa Aprili.

Kwa anayetaka kununua

Land Rover ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948, waliolengwa hasa walikuwa wakulima, na hadi leo magari ya aina hii ni zana ya shamba kama lilivyo jembe. Wengi wetu tunayanunua yakiwa yametumika. Difu iliyooshwa ikang'aa wakati gari zima lina vumbi ikutie shaka. Omba uliendeshe gari nusu saa, kisha uchungulie chini. Fungua nati ya kujazia na uchovye kidole: oili ya rangi ya maziwa au yenye vipande vya chuma ni sababu ya kushusha bei au kuondoka.

Baba mdogo siku hizi hutandika boksi chini ya gari kila Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi hulitazama kabla hajanywa chai, na mara moja kwa mwezi husafisha kipumulio kwa kitambaa. Kazi yote haizidi dakika 10 na haina gharama. Kabla ya masika kuanza mwezi Machi, nakushauri nawe, ndugu msomaji, utafute boksi.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo anayeishi Morogoro.