Seli-shina ya damu na mwanafunzi anayeihesabu

Shina ni sehemu ya mti ambamo matawi yote hutokea. Kutokana na neno hilo ikaundwa istilahi "seli-shina", yaani seli iwezayo kuzaa seli za aina mbalimbali na papo hapo kuzaa nyingine iliyo mfano wake. Istilahi hii yafaa, ila yaweza kumpotosha mwanafunzi akidhani kwamba seli hiyo, kama shina la mwembe, hutambulikana kwa kuitazama tu. Sivyo: chini ya hadubini hufanana na seli nyingine nyingi ndogo za mviringo. Hujulikana kwa uzao wake.

Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Kwa hiyo mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban milioni 2 za namna hiyo kila sekunde. Kazi hiyo hufanyika katika uboho wa mifupa, na chimbuko lake ni seli-shina chache mno.

Mwaka 1961, huko Toronto, Kanada, James Till na Ernest McCulloch walieleza jaribio lao: panya walioharibiwa uboho kwa mionzi walidungwa seli za uboho wa panya wazima. Baada ya siku 10 hivi vinundu vilionekana juu ya bandama zao, na kadiri seli zilivyozidi ndivyo vinundu vilivyozidi. Mwaka 1963, pamoja na Andrew Becker aliyekuwa mwanafunzi, walitumia alama za kromosomu kuonyesha kwamba kila kinundu kilizaliwa na seli moja. Msingi wa elimu hii, basi, ulikuwa kuhesabu.

Hata leo, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayepokelewa katika maabara ya namna hii mara nyingi huanza kwa kuhesabu. Huchanganya seli za uboho na ute mzito wenye lishe, huzitia katika visahani, na kuviweka katika kabati yenye joto la digrii 37. Seli za binadamu zikitunzwa siku 14 hivi, huhesabu makundi yaliyoota. Ugumu huanzia hapo: makundi mawili yaliyogusana ni moja au mawili? Anayetamani jibu fulani huliona upesi. Kwa hiyo inafaa majina ya visahani yafichwe mpaka hesabu imalizike.

Tena, kundi lililoota si ushahidi kamili, kwani mengi huzaliwa na seli zilizokwisha kupoteza uwezo wa kujifanya upya. Ushahidi wenyewe ni kuzipandikiza seli katika panya, kungoja wiki 16 au zaidi, kisha kuzihamishia katika panya wa pili. Pengine mwanafunzi huondoka kabla ya jibu kupatikana. Daftari lake ndilo litakalobaki kumsemea.

Jambo hili lawahusu pia wasomaji wa Kongo, ambako familia nyingi zimeujua ugonjwa wa selimundu kwa uchungu. Desemba 2023, Marekani iliidhinisha tiba mbili ambazo seli-shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa, hurekebishwa na kurudishwa mwilini. Gharama yake, inayozidi dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja, ni kizuizi kikubwa. Hata hivyo tiba hizo hazingewezekana bila watu waliokubali kuandika idadi waliyoiona, wala si ile waliyoitarajia.