Mafuta ya taa si dawa ya injini iliyolala

Swali halibadiliki: pikapu ya marehemu baba, Hilux ya dizeli yenye injini ya 2L au 3L, imesimama uani tangu msiba, na sasa familia inataka itembee tena. Je, tumimine lita ngapi za mafuta ya taa kwenye oili ili tuoshe injini kabla ya kuiwasha? Hata tone moja msimimine. Swali hilo lenyewe limeanza vibaya, kwa sababu linachukulia kwamba injini iliyolala miaka inasumbuliwa na uchafu, ilhali adui zake wakubwa ni ukavu, kutu na maji. Mafuta ya taa hayatibu hata kimoja kati ya hivyo.

Fuateni kinachotokea ndani. Krenki inapozunguka haitakiwi kugusa beringi zake. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo unahimili mzigo kwa sababu oili ina uzito wake. Ukiipunguza makali kwa mafuta ya taa, utando unachanika na chuma kinakutana na chuma. Injini hizi hubana hewa kwa uwiano wa takriban 22 kwa 1, zaidi ya mara mbili ya injini nyingi za petroli za enzi zake, hivyo beringi zinapigwa kwa nguvu hata kwenye silensa, gari likiwa halijasogea hata hatua. Dakika kumi za “kuosha” zinatosha kuzichubua. Halafu kuna tope la sampu. Tope lililoganda miaka mingi haliyeyuki kama sukari kwenye chai. Linabanduka vipande vipande, na vipande hivyo vinafyonzwa hadi kwenye kile kiwavu kidogo kilicho mdomoni mwa pampu ya oili. Kikiziba, oili haipandi tena, na mwenye gari anaona taa nyekundu ya oili ikiwaka wakati madhara yameshafanyika. Kabla ya dawa hiyo, tope lile lilikuwa limetulia tu chini.

Watetezi wa kuosha huja na ushahidi wa oili iliyotoka nyeusi tii. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, hata injini ikiwa nzima kabisa, kwa kuwa inayabeba masizi yasigande kwenye vyuma. Weusi huo unaonyesha kwamba oili inafanya kazi yake. Wengine husema mzee mwenyewe aliosha hivyo na gari likadumu. Sibishi kwamba lilidumu. Lakini beringi iliyochubuliwa leo huanza kugonga miezi kadhaa baadaye, na siku hiyo lawama zinatupiwa uzee wa gari, au fundi wa mwisho kuligusa. Injini zilizonusurika zinasimuliwa vijiweni, zilizokufa hazihesabiwi. Isitoshe, oili ya dizeli ya leo ina viambato vyake vya kusafisha, tena vinasafisha polepole bila kuunyang'anya utando uzito wake. Mwenye hofu ya uchafu abadilishe oili na filta, atembee kilomita chache, abadilishe tena.

Kuyamimina mafuta ya taa kwenye tangi la dizeli nako ni kosa hilohilo kwa mlango mwingine. Pampu ya dizeli ya injini hizi hailainishwi na oili. Inalainishwa na dizeli yenyewe, na nafasi kati ya vyuma vyake hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Tangu Januari 2015 Afrika Mashariki inatumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia sehemu ya ulaini wa asili, hata ikabidi urudishwe kwa viambato. Mafuta ya taa yanaupunguza tena. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, nchi zote mbili zikilenga kukomesha uchanganyaji wake kwenye dizeli. Inauma kuona mtu akijichanganyia mwenyewe, kwa pesa yake, kwenye gari alilorithi.

Cha kufanya ni hiki. Shusha tangi, mwaga dizeli ya zamani, toa maji na kutu, weka filta mpya. Badilisha mkanda wa taimingi hata kama kilomita ni chache. Mpira huzeeka kwa miaka, na ukikatika pistoni zinagonga valvu. Fungua plagi za kupashia joto, weka matone machache ya oili katika kila silinda, zungusha krenki kwa spana. Ikigoma, acha, usivute gari kwa kamba, usipulize dawa ya kuwashia. Ikizunguka, weka oili mpya ya 15W-40, chomoa waya wa umeme unaofungulia dizeli kwenye pampu, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Rudisha plagi na waya, toa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta, kisha washa. Breki na matairi yafuate kabla gari halijatoka getini. Na kwa kuwa kadi bado ina jina la baba, gari ni mali ya mirathi: msimamizi ateuliwe na mahakama na ndugu wakubaliane litakuwa la nani kabla hata ya kununua huo mkanda.