Misikiti iliyozikwa chini ya msikiti wa Shanga

MTO Tana, unaopita Garissa kabla ya kumwaga maji yake baharini karibu na Kipini, umewapa wanaakiolojia jina la aina ya vyungu vya kale vinavyopatikana katika pwani ya Afrika Mashariki. Vyungu hivyo vimekuwa ushahidi mzito katika ubishi wa miaka mingi: ni nani aliyeanzisha miji ya Waswahili?

Sehemu kubwa ya jibu ilitoka Shanga, magofu yaliyoko katika kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu, inayopakana na Garissa. Huko, katika miaka ya 1980, Mwingereza Mark Horton alichimba chini ya sakafu ya Msikiti wa Ijumaa.

Msikiti unaoonekana leo ni wa mawe, na ujenzi wa mawe mahali hapo ulianza karibu mwaka 1000. Mafundi walikata matumbawe chini ya maji. Yakiwa mabichi huchongeka kwa urahisi. Yakikauka huwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo, na paa likabebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hazina urefu mkubwa, misikiti ya kale ya pwani imejaa nguzo ndani, jambo ambalo mgeni hudhani ni pambo tu.

Chini ya mawe, Horton alikuta mashimo ya nguzo za miti: misikiti midogo iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ule wa kwanza ukiwa wa mwishoni mwa karne ya nane. Vyungu vya Tana vilikuwamo tangu tabaka za chini kabisa. Kwa hiyo mji haukuletwa ukiwa tayari kwa jahazi. Ulikua hapo hapo, kutoka mti hadi jiwe, hadi ulipohamwa mapema katika karne ya 15.

Mwaka 2023 watafiti, akiwemo Mkenya Chapurukha Kusimba, walichapisha uchunguzi wa chembe za urithi kutoka makaburi ya kale, yakiwemo ya Manda jirani na Pate. Walikuta mchanganyiko wa damu ya Kiafrika, hasa upande wa kina mama, na ya Kiasia, hasa ya Kiajemi, ulioanza kufikia karibu mwaka 1000. Wakati huo, waumini wa Shanga walikuwa wameswali chini ya mapaa ya miti kwa takriban karne mbili.