Viambishi vya Kitenzi na Uandishi wa Safari za Kutumwa katika Michezo ya Kompyuta

Makala hii inaeleza jinsi sarufi ya kitenzi cha Kiswahili inavyoweza kurahisisha uandishi wa safari za kutumwa, yaani kazi anazopewa mchezaji katika michezo ya kuigiza wahusika inayochezwa na watu wengi kupitia seva moja. Michezo hiyo ina chimbuko lake katika MUD, iliyoanza kuandikwa katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978. Muundo wa safari zenyewe ni wa kale zaidi. Shujaa kutumwa, kujaribiwa na kurejea ni miongoni mwa dhima 31 ambazo Vladimir Propp alizibainisha katika ngano za Kirusi mwaka 1928, na si jambo geni kwa msikilizaji wa ngano Iringa au Mbeya.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee wa Kalenga, karibu na mji wa Iringa, anamtuma mchezaji akachote maji ya Ziwa Ngosi, kusini mwa mji wa Mbeya. Skripti, ambayo aghalabu huandikwa kwa lugha kama Lua iliyoundwa Brazili mwaka 1993, huweza kuhifadhi hatua aliyofikia mchezaji kwa tarakimu tu. Mtunzi asiye mwanaprogramu hupotea hapo, kwani 0 haimwambii kama mchezaji hajaleta maji au hakuleta. Kiswahili hakichanganyi mawili hayo: -ja- hubeba matarajio, ilhali -ku- ya ukanushi huhitimisha.

Tunapendekeza, basi, mtunzi aandike hajatumwa, hajaleta, ameleta, hakuleta, na programu ndiyo igeuze maneno hayo kuwa tarakimu. (Ametumwa halihitajiki, asiyetumwa hatarajiwi kuleta.) Sharti liandikwe kwa -ki-: akileta maji, apewe mkuki.

Kiambishi cha nafsi nacho kina uzito. Katika ngano maji huletwa mara moja. Katika seva wachezaji mia wanaweza kuwa njiani kwa wakati mmoja. Hatua ikihifadhiwa kwa mzee badala ya kwa kila mchezaji, wa kwanza akileta, wote huhesabiwa wameleta.

Kiambishi -ka-, kipenzi cha wasimulizi, ndicho kinachotushinda. Akaenda, akachota, akarudi: mfuatano huo humfunga mhusika wa ngano, haumfungi mchezaji, ambaye anaweza kufika Kalenga akiwa ameshachota kabla hajatumwa. Mzee amwambie nini? Hilo ni swali la mtunzi, si la programu.