Kipimo cha Mlango wa Kizazi Bila Kupanda Kitanda cha Zahanati

Kujichukulia sampuli ni njia ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi ambayo mwanamke huifanya mwenyewe, chumbani kwake au bafuni, kisha sampuli hupelekwa maabara.

Njia hii imewezekana kwa sababu chanzo cha ugonjwa kinajulikana. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, na aina mbili tu, 16 na 18, huchangia takriban asilimia 70 ya wagonjwa. Kipimo cha zamani cha Pap hutazama seli kwa hadubini, hivyo lazima mhudumu aufikie mlango wenyewe na kuukwangua. Kipimo cha HPV hutafuta vinasaba vya kirusi, navyo hupatikana hata katika ute na seli zilizoshuka ukeni. Kile kifaa cha kupanua uke, ambacho wanawake wengi hukiogopa, hakihitajiki tena.

Mwanamke hunawa mikono, huchuchumaa au huweka mguu mmoja juu ya kigoda, kisha huingiza taratibu kijiti chenye pamba au brashi laini. Hukizungusha kwa sekunde 10 hadi 30, hukitoa na kukitia kwenye kichupa chenye jina au namba yake. Hana haja ya kuutafuta mlango wa kizazi. Maabara ikitumia teknolojia ya PCR, sampuli hiyo hugundua mabadiliko hatari karibu sawa na ile iliyochukuliwa na daktari.

Ushahidi mmoja wenye uzito mkubwa unatoka Jujuy, mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Argentina unaopakana na Bolivia. Huko wahudumu wa afya ya jamii hupita nyumba kwa nyumba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, baadhi yao waliwapa wanawake wa miaka 30 na zaidi vifaa vya kujichukulia sampuli papo hapo nyumbani. Wengine waliwahimiza tu waende kituoni. Ndani ya miezi sita, asilimia 86 ya kundi la kwanza walikuwa wamepimwa, dhidi ya asilimia 20 ya kundi la pili. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na inaonyesha kwamba wanawake wengi wanaodhaniwa kupuuza afya zao wamekwamishwa na umbali, foleni, kazi za nyumbani na haya. Australia iliruhusu kila mwanamke anayestahili uchunguzi kuchagua njia hii kuanzia Julai 2022.

Kukutwa na HPV si kukutwa na saratani. Maambukizi mengi huisha yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mwenye majibu chanya, hata hivyo, lazima afike kituoni achunguzwe, na vidonda vya awali vikionekana hutibiwa kwa kuchomwa kwa joto, kugandishwa au kukatwa. Hapa ndipo programu nyingi hulegea: majibu huchelewa, simu haipatikani, nauli inakosekana. Wanaoishi na VVU wanahitaji ufuatiliaji wa karibu zaidi, kwani hatari yao ya saratani hii ni takriban mara sita ya ile ya wanawake wasio na VVU. Shirika la Afya Duniani linashauri waanze kupimwa wakiwa na miaka 25, badala ya 30.

Mwanamke anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi hapaswi kutegemea kijiti hiki. Huyo anahitaji kuonwa na mtaalamu mapema, hata kama kipimo chake cha HPV ni hasi.