UKAWA, Kahama na kura zisizojumlishwa

Oktoba 25, 2015, mpiga kura wa Mwendakulima, kata ulipokuwa mgodi wa Buzwagi mjini Kahama, alikabidhiwa karatasi ya urais yenye wagombea 8. UKAWA, muungano wa vyama vinne vya upinzani, haikuwamo. Kampeni nzima watu walikuwa wakiitaja, lakini kwenye karatasi Edward Lowassa alikuwa mgombea wa CHADEMA, basi. CUF, NCCR-Mageuzi na NLD waliokuwa wakimnadi hawakuwa na nembo hata moja pale.

Sheria ya uchaguzi ilimtambua mgombea na chama chake kimoja. Anayeongoza kwa kura ndiye mshindi, hata kama hajafikisha nusu. Kwa urais ni hivyo tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000. Kwa utaratibu huo, vyama vya upinzani vikisema vimeungana, vinachokubaliana hasa ni nani asisimame.

Italia mambo ni tofauti. Kule mikoa ina mabaraza yake, na rais wa mkoa huchaguliwa na wananchi. Kwetu mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais. Katika karatasi yao, chini ya mgombea mmoja hupangwa nembo za vyama vyote vinavyomuunga mkono. Ukitia alama kwenye nembo ya chama chako, kura inakihesabia chama na inamfikia mgombea pia. Lombardia mwaka 2023, Attilio Fontana wa Lega alishinda tena, ilhali ndani ya muungano wake Fratelli d'Italia ilipata kura nyingi kuliko Lega. Kila chama kiliingia kwenye mazungumzo ya kugawana nafasi kikijua uzito wake.

Hapa kwetu anayempisha mwenzake hapimwi, na anaumia mara mbili. Viti maalum hugawanywa kwa kura za ubunge ambazo chama kimepata nchi nzima, na chama kisichofikisha asilimia 5 hakipati kitu. Ruzuku nayo hufuata wabunge na kura. Ukiachia jimbo, wafuasi wako wanakwenda kumjazia mwenzako kapu, na mwisho wa mwezi fedha zinaingia kwake. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilikuwa na majimbo 4, yote ya Kigoma. Mwaka 2015 ilibaki na moja, Vunjo, la James Mbatia. Sisemi ni UKAWA peke yake iliyoimaliza, maana Kigoma ilikuwa imeingia ACT-Wazalendo. Lakini ndiyo sababu viongozi waligoma kuachiana. Segerea, Dar es Salaam, CUF na CHADEMA wote walisimamisha mgombea, na CCM, chama tawala, ikachukua jimbo.

Kahama inaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Mwaka 2007 Zitto Kabwe, akiwa mbunge wa CHADEMA, alisimamishwa Bunge kwa hoja yake kuhusu mkataba wa Buzwagi ambao Waziri Nazir Karamagi aliusaini London. Waziri Mkuu wa serikali ile alikuwa nani? Lowassa. Miaka 8 baadaye CHADEMA hiyohiyo ikampa bendera, na Zitto akawa nje ya UKAWA, kiongozi wa ACT-Wazalendo. Pale pale Kahama Mjini, CHADEMA ikamsimamisha James Lembeli, mbunge wa CCM wa Kahama tangu 2005, aliyehama mwaka huohuo. Jumanne Kishimba wa CCM akamshinda. Kitaifa Lowassa alipata asilimia 39.97, John Magufuli wa CCM 58.46. Kwa maoni yangu, UKAWA ilikopa umaarufu wa watu waliotoka CCM kwa sababu haikuwa na njia ya kujumlisha nguvu za vyama vyake yenyewe.

Ilipofanikiwa ni kwenye mabaraza ya madiwani, jambo ambalo wengi wamelisahau. Kule kura za kumpata meya hupigwa baada ya uchaguzi, na wapigaji ni watu waliokwisha kushinda, kila mmoja kwa tiketi ya chama chake. Machi 2016 Isaya Mwita wa CHADEMA akawa Meya wa Jiji la Dar es Salaam kwa kura za madiwani na wabunge wa vyama viwili, na unaibu ukaenda CUF. Hakuna aliyepoteza ruzuku kwa kumuunga mkono mwenzake.

Kwa mtu wa Mwendakulima baraza la madiwani si kitu kidogo. Ushuru wa huduma ambao mgodi ulikuwa ukiulipa, asilimia 0.3 ya mapato, uliingia halmashauri, na matumizi yake yalipitishwa na madiwani. Kwa hiyo siku vyama vitakapokuja tena na jina jipya la muungano, waulizeni kwanza: kura ya aliyeachia itahesabiwa kwa nani?